Kanda Waliyoisubiri Iimbe

Nikiona betri za redio zimeanikwa juani, narudi kambini kwetu, Kasese. Baba, askari, aliipenda bendi moja ya roki ya Kilatini; kwa kanda yao ya kwanza alicheza na mama mpaka maharage yakaungua. Akapata nyingine sokoni Bwera. Tulianika betri kutwa nzima. Kumbe bendi ilikuwa imehamia kwenye jazi, lakini sisi tungejuaje? Gitaa na kinanda vilizunguka tu, hakuna sauti ya mtu.

"Afande, hawa watu bataimba saa ngapi?" mama akauliza, ameshikwa mkono tayari kucheza.

"Tulia, mama watoto. Bado wanakaza nyuzi."

Akageuza upande wa pili. Kanda ikaisha. Walikuwa bado wamesimama, wameshikana, wakingoja wimbo uanze.