Mahali pa Nguzo ya Kumi na Tisa

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mwenyewe: "Hakuna nyumba wala kaburi." Nchi yetu na China, marafiki wa miaka mingi, zilikuwa zikijiandaa kutia saini mkataba wa ujenzi wa njia mpya ya umeme kutoka bwawa la Mtera. Mimi, mkalimani wa mradi, nilipewa pia kazi ya kujaza fomu za ardhi, moja kwa kila nguzo. Nilizijaza ofisini, nikitazama picha za setilaiti. Kisha ikaja barua ya bibi mmoja akiipinga nguzo ya kumi na tisa, na bosi akaniagiza nimpeleke huko Injinia Liu, Mchina wa mradi, tulimalize hilo kwa siku moja.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa barabarani. Liu alibeba chupa yake ya chai, mimi nilibeba kinyongo. Nilimwona bibi huyo msumbufu tu, mtu wa kutuchelewesha. Tulipopita kijiji cha Fufu nchi ilikuwa kavu, kimya, haina hata mbuzi.

Saa nne tulimkuta Bibi Nyemo, mwenye barua ile, akitusubiri kando ya lami. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuongoza hadi karibu na kigingi chetu chekundu, alama ya nguzo ambayo wapima ardhi waliipigilia kwa kufuata fomu yangu. Palikuwa uwanda mtupu. Ghafla alisimama, akainama kama anayepita kwenye mlango mfupi, akasema taratibu, "Mbukwenyi." Ndivyo Wagogo wanavyowasalimu watu. Mbele yetu hapakuwa na mtu.

Alitueleza kwamba hapo palikuwa na tembe lake, nyumba ya udongo hadi paa. Lilipohamwa, mvua ikalirudisha ardhini. Mumewe na wanawe wawili walizikwa zizini, kama ukoo wao ulivyozoea, bila saruji wala msalaba. Kigingi chetu kilikuwa katikati ya zizi.

Wakati namtafsiria Liu, kundi la ng'ombe likapita kwenda kunywa maji. Hakuna aliyewaswaga. Walifika mahali fulani wakakata kona, wakafuata mstari ulionyooka, wakakata kona tena, wakauzunguka uwanda ule mtupu bila hata mmoja kuukanyaga. Liu aliacha kupiga picha.

"Nani alifika hapa kabla ya kuijaza fomu?" aliniuliza.

Nilimwambia ukweli, nikamtafsiria bibi pia, na aibu ikanijaa. Hakunigombeza. Aliking'oa kigingi kwa mikono yake, akamwomba bibi atangulie kutuonyesha mahali pengine. Mara mbili bibi alisimama na kutikisa kichwa. Mara ya tatu alikubali, tukakipigilia hapo.

Wakati wa kuagana bibi alinishika mkono. "Mjukuu wangu, hizo karatasi nyingine," akasema, "huko nako ulifika?"

Nilienda kuwasha gari.

Saa nane tulianza kurudi. Liu alisinzia. Mimi niliutazama uwanda uleule wa asubuhi na nikaogopa kweli. Kila tulipopita kigingi chekundu nilihisi tunaendesha gari ndani ya nyumba za watu, nao wamenyamaza wakitutazama.

Nilijifunza siku ile kwamba picha ya kutoka juu haioni waliomo chini. Kesho yake nilimwambia bosi kwamba fomu zote sitini na moja zilizobaki ni za uongo, na mwongo ni mimi. Akanikumbusha kwamba wageni wa kutia saini wanafika wiki ijayo.

"Basi watanikuta njiani, nikipita kigingi kwa kigingi," nikamjibu, nikaenda kutafuta viatu vya kutembelea.