Sufuria Juu ya Waifai

Juzi nilimwona fundi akifunga waifai kwa jirani yetu hapa Kiseke, nikaikumbuka alasiri ile ya radi nilipokuwa mtoto. Mjomba alikuwa ameweka kisanduku cha intaneti mezani ili tumwone mama kwenye simu. Mama alikuwa hospitalini Dar, akisubiri upasuaji.

Mama alipotokea tu kwenye simu, harufu ya mvua ilitoka ziwani. Bibi alifunika kioo kwa kanga, kisha akakifunika kisanduku na taa zake kwa sufuria.

"Vinavyong'aa vinaita radi!"

"Mwanangu, sikiliza," mama alianza, sura yake ikaganda, mdomo wazi. Nilidhani amekata roho.

"Mama, pumua!" nililia, nikiipuliza simu.

Mjomba aliondoa sufuria, akapiga tena. Nesi akapokea.

"Ameshaingizwa chumba cha upasuaji."

Mama hakuamka. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.