Kimondo cha Wakati wa Daku

Harufu ya wali wa jana unaopashwa moto, ule unaoanza kushika ukoko, hunirudisha kwenye daku za nyumbani kwetu Malindi. Nilikuwa na miaka tisa, na ule ndio uliokuwa mwaka wangu wa kwanza kufunga mwezi mzima. Msinicheke, nilijiona mtu mzima kabisa.

Ramadhani nzima mama alipika mikate ya kumimina ya kuuza. Mchana kutwa alikuwa jikoni, usiku akiroweka mchele na kukuna nazi, na saa tisa ameshaamka kutupashia daku. Yeye alikula wa mwisho. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika. Baba, mchukuzi wa bandarini, alikuwa ameshakula, yuko bombani anapiga mswaki. Mimi nilipewa kazi ya kukaa mlangoni mwa uwani nisikilize adhana, na kazi hiyo niliishika kuliko muadhini mwenyewe.

Mama ndiyo kwanza ameketi, tonge la kwanza liko mkononi, mara ua wote ukawa mweupe. Nilikiona kivuli changu ukutani. Juu, upande wa Mtoni, donge la moto la rangi ya kijani lilipita kimya kimya, likakatika vipande, likazimika. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia.

"Mama, kumekucha."

Akalirudisha tonge kwenye sahani, akasukutua.

Kiza kikarudi palepale. Baba akaja, akatazama saa yake ya mkononi, akasema ni kimondo tu, shetani amepigwa nacho huko mbinguni, na alfajiri bado robo saa nzima. Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa kwamba mwezi huo mashetani wamefungwa minyororo, lakini hapakuwa pahala pa kuuliza. Baba akamsihi mama ale, maana hata kama ameshatia nia ya kufunga, nia haimzuii mtu kula kabla ya alfajiri.

"Nshatia nia," mama akasema. "Niacheni."

Akajilaza ubavu palepale mkekani, mkono chini ya shavu, vidole bado vina maji. Sijaondoa sahani, anakoroma.

Siku ile sikuisikia njaa yangu, niliisikia yake. Nilimfuata jikoni nikimtazama anavyopalia makaa, nikiogopa ataanguka. Nilimwahidi nitamfungia siku mbili. Akacheka bila nguvu. Magharibi nilimpelekea tende, nikaangua kilio.

Mama hayupo tena. Mwaka jana, baada ya kuwaandalia wanangu daku, nilisukuma sahani yangu nikawaambia nshashiba, wala sikuwa nimeonja kitu. Nilitaka kujilaza tu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alijua vizuri kwamba wakati upo. Alikuwa na robo saa moja, ama ale ama alale, na alichoka mno hata kutafuna. Miaka yote nimejuta kwamba nilimnyima mama chakula, kumbe kosa langu ndilo lililompa usingizi.