Sakafu ya Gari la Baba Mkwe

Nilipoolewa Kisondela, baba mkwe wangu alituachia nyumba yake ya matofali, mwenyewe akahamia ndani ya gari. Hakuna aliyemfukuza. Mke wake alikuwa ameshafariki, na kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba wa mumewe. Hamsemeshi, hamtaji jina, hapiti alipo. Nyumba yenye mlango mmoja isingetutosha watu watatu hata ingekuwa na vyumba kumi.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Mzee aliliendesha miaka mingi akiwa dereva wa Mzungu mmoja mpima barabara, aliyekuwa akipika na kulala humo humo. Uhuru ulipokuja Mzungu akarudi kwao, akamwachia dereva wake gari ambalo injini ilikuwa imeshakufa. Vijana walilisukuma hadi kando ya migomba, likawekwa juu ya mawe. Lilikuwa na kitanda, kabati, madirisha ya vioo, na sakafu ya mbao iliyofunikwa kwa mpira wa kijani. Mvua ya Rungwe haina huruma na chuma. Kila kiangazi mzee alikwangua kutu kwa brashi ya waya, akapaka rangi, akaziba paa kwa lami na vipande vya gunia. Nilikuwa nausikia ule mkwaruzo nikiwa jikoni, nikajua mkwe wangu yu mzima.

Mimi nimezaliwa Ibighi, mjini, mtoto wa mama asiyevumilia vumbi. Wanawake wenzangu wa Kisondela walinitania kwamba ipo siku nitaosha hata kuni. Nilimheshimu sana yule mzee, na sikuwa na njia ya kumwambia, kwa hiyo nilimsafishia. Asubuhi akienda kwa ng'ombe wake aligonga mlango wa gari kwa fimbo, mara mbili, kunijulisha kwamba ameondoka. Hapo naingia na ndoo. Namwaga maji, nasugua mpaka mpira unang'aa, nasukuma maji nje kwa ufagio. Kila siku ya Mungu, karibu miaka mitatu. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Kisha mzee akaanza kulalamika kwamba gari linanuka unyevu. Alipanda paani, akaziba, akashuka, harufu ikabaki pale pale. "Paa linavuja tena," nilimsikia akimwambia mume wangu, "ila panapovuja sipaoni." Nikamwonea huruma. Nikazidisha kusugua ili harufu itoke.

Siku moja brashi ilinasa ukingo wa mpira karibu na kitanda, ukanyanyuka. Chini yake palikuwa na maji. Mbao ilikuwa nyeusi na laini, kidole kikazama. Nikachungulia kwenye tundu: chuma kinachobeba sakafu kilikuwa kimevimba, kinabanduka magamba ya kutu. Nikatazama juu, paa kavu kabisa. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Maji yale yalikuwa yangu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mume wangu alikuwa Mbeya, ameitwa kwenye mafunzo ya viongozi wa vijiji, atarudi mwisho wa mwezi. Ningeweza kumtuma jirani amweleze mzee. Lakini jirani angeuliza nimejuaje, na kabla ya jua kuchwa wangejua hadi Bulyaga kule mjini kwamba yule mke wa mjini anayejifanya msafi ameozesha nyumba ya mkwe wake. Niliona aibu. Watu wakisikia habari hii husema mila ndiyo iliyonifunga mdomo. Si kweli. Mila ilinipa tu mahali pa kujificha. Niliurudisha mpira, nikatandika mkeka juu yake, nikaacha kumwaga maji, nikajiambia mume wangu akirudi nitamweleza.

Hakuwahi kurudi kabla ya siku ile ya shamba la ujamaa. Kijiji kizima kilikuwa ng'ambo ya mto kwenye shamba la pamoja. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga, na mzee kwa sababu ya umri. Nikasikia mbao ikivunjika, kisha sauti yake. Aliita "Jamani!" kama vile uwanja umejaa watu, ingawa alijua niko peke yangu.

Nilisimama mlangoni pa jiko na mtoto mgongoni. Sijui nilisimama muda gani, na muda huo sijausamehe mpaka leo. Kisha nikaenda, macho chini, nikafika kwenye mlango wa gari nikakohoa. Mguu wake mmoja ulikuwa umezama hadi pajani, pale pale kwenye mkeka wangu, na chuma chenye kutu kimemng'ang'ania. Aliponisikia alivuta koti lake akajifunika kichwa na uso, akatulia. Nikaelewa kwamba ananipa ruhusa. Nikamshika makwapani, nikamvuta mpaka akatoka. Hakupiga kelele. Akiwa bado chini ya koti alisema, "Ndaga fijo, mwanangu." Ndiyo shukrani kubwa ya Kinyakyusa, na ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia.

Jeraha lilikuwa refu lakini halikutisha. Watu walipotoka shambani walimbeba kwa machela hadi hospitali, na siku za mwanzo tuliambiwa anaendelea vizuri. Baadaye taya zikakaza na mgongo ukapinda. Ilikuwa pepopunda. Mume wangu aliwahi mazishi tu.

Baada ya matanga alitaka kuona ni nini hasa kilichovunjika. Akalala chali, akajisukuma hadi chini ya gari. Mimi niliinama pembeni nikachungulia. Chini ya sehemu ile mzee alikuwa amekaza vipande vya mianzi kushikilia sakafu, bado vibichi, na kimoja kilikuwa kimeteleza. Ardhini alikuwa amechimba mtaro mwembamba. Ulianzia chini ya upenyo ambamo maji ya ndoo yangu yalikuwa yakidondoka, ukaenda mpaka kwenye migomba. Mvua haifiki kule. Mzee alikuwa ameshajua maji yanatoka wapi. Alijua, na hakumwambia mwanawe, kwa sababu angemwambia mwanawe, mimi ningeaibika. Nilishika ukingo wa gari.

"Huu mtaro baba aliuchimba wa nini?" mume wangu aliuliza kutoka kule chini.

"Wa mvua," nikamjibu.