Cheni ya Pikipiki Ukweni

Mwanangu, nakumbuka siku niliyounguza mchuzi wa kuku mbele ya watu waliokuja kuniposa. Uliungua kwa kuwa macho yangu hayakuwa kwenye sufuria, yalikuwa mlangoni, yanaangalia pikipiki. Nakusimulia leo kwa sababu ulipokuja kunisalimu hapa Bariadi na hiyo pikipiki yako mpya, uliiacha nje ya geti bila hata kuipiga loki ya usukani. Nilipokuuliza ukacheka: "Shangazi, kwani hapa si nyumbani?" Kweli ni nyumbani. Sikukujibu palepale kwa sababu jibu lake ni refu, na wewe ulikuwa na haraka zako. Leo tena umeiacha vilevile.

Basi kaa, soda hiyo haina miguu.

Nilikuwa msichana wa Zagayu, kwa baba yangu, mkulima wa pamba mwenye sauti kubwa na huruma aliyoificha sana. Kijana aliyenitaka aliitwa Maduhu, ndiye huyu mume wangu unayemkuta kila mara amelala na redio kifuani. Usimwone hivyo. Wakati ule alikuwa anauza vitenge na mitumba minadani, leo mnada huu, kesho ule, mzigo umefungwa nyuma ya pikipiki kuukuu iliyokuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga. Pikipiki ile ndiyo ilikuwa shamba lake. Bila hiyo hafiki mnadani, asipofika mnadani hapati ng'ombe wa mahari, na bila ng'ombe baba yangu asingekuwa na habari naye.

Tena kulikuwa na mwingine. Mfugaji mmoja wa Bukundi, mtu mzima, mwenye wake tayari, alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba ng'ombe wake wapo, wakachukuliwe tu. Baba alikuwa anapima huku na huku. Mimi nilikuwa nampenda Maduhu, nasema waziwazi, kwa umri huu sina wa kumwonea aibu.

Na kulikuwa na kaka yangu Kulwa, ambaye wewe unamwita baba mkubwa. Baba yako mzazi wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Unajua kwetu mambo yanavyokwenda: ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio kaka anaoa nao. Kulwa alikuwa na mchumba wake anasubiri, na wazee wa binti walikuwa wameanza kuchoka kusubiri. Kwa hiyo yeye alimtaka mtu wa Bukundi. Alikuwa hanichukii hata kidogo, alikuwa na shida yake.

Siku ya posa, Maduhu alifika asubuhi, amempakia baba yake mdogo, Mzee Ngassa, aje kuwa msemaji. Wakasalimia, "Mwangaluka," wakaitikiwa. Maduhu akaegesha pikipiki karibu na zizi, akafungua mfuko, akatoa cheni nene na kufuli. Mzee Ngassa akamshika mkono.

"We Maduhu! Unafunga pikipiki kwenye mji wa watu? Unataka waseme tumewaita wezi kabla hata hatujakalishwa?"

Maduhu akaona aibu, akairudisha cheni mfukoni. Mimi jikoni nikaona amefanya vizuri, maana ndivyo tulivyolelewa. Ukweni mtu anakula taratibu na anacheka kwa kiasi, hawezi kuonyesha kwamba ana wasiwasi na chochote.

Lakini bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekaa kwenye gunia pale nje anachambua pamba, safi huku, chafu huku. Bibi Limi hakuwa na subira na adabu za maonyesho.

"Kijana," akasema, bila kuinua kichwa, "hiyo cheni umeileta itembee?"

"Hapana, Mayu. Ni ya kufungia pikipiki," Maduhu akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi pikipiki ndiyo hiyo."

Mzee Ngassa akaingilia kwa upole, "Mayu, hapa ni ukweni. Tukifunga ni kama hatuwaamini."

Bibi akasimama, nyuzi za pamba zimemjaa kwenye kanga, akanyoosha kidole zizini. "Lile zizi mwanangu analifunga kila jioni. Magogo, halafu miiba juu. Jirani yetu umewahi kusikia amenuna kwamba tumemwita mwizi?"

"Hapana, Mayu."

"Nyie mnaona aibu ya leo. Mimi naona aibu ya kesho. Ikipotea hapa, nyie mtaondoka kwa miguu, watu wanawahurumia. Sisi tutabaki na walinzi wa sungusungu, wanamhoji mtoto mmoja mmoja, na mji huu utaitwa mji wa wezi mpaka wajukuu. Anayefunga kitu chake kwangu amenilinda mimi." Akaendelea kwa sauti ya chini. "Halafu si kila anayeiba ni mwizi. Kuna mtu anakuwa mwizi kwa muda mfupi tu, kwa sababu moyo wake umeamka vibaya na kitu kimeachwa wazi mbele yake. Huyo naye mhurumieni."

Baba, aliyekuwa ametoka kuwapokea, akamwashiria Maduhu afunge. Maduhu akaitoa tena cheni, na kwa haraka ya aibu akaipitisha kwenye gurudumu la mbele peke yake, kufuli likalala chini kwenye vumbi. Akajipangusa mikono, kamaliza.

"Hilo gurudumu halitoki?" Bibi akauliza.

"Linatoka, Mayu. Kwa spana."

"Kwa hiyo atakuachia gurudumu la kumkumbukia."

Watu wakacheka, na mimi jikoni nikacheka, ndipo nikasikia harufu ya mchuzi. Maduhu akafungua, akaanza upya. Safari hii akapitisha cheni kwenye gurudumu la nyuma, akaibana na fremu, kisha akaizungusha kwenye nguzo ya zizi, mti mgumu uliozama ardhini tangu enzi za babu. Akaivuta ikabana, kufuli likaning'inia juu. Bibi akarudi kwenye pamba yake.

Wakaingia ndani. Mazungumzo ya ng'ombe unayajua, ni kelele, ni vicheko, ni mtu kutoka nje kana kwamba kakasirika kisha anarudi. Wakala, na mchuzi wangu wakausifu kwa uongo. Jua lilipoanza kulegea wakatoka kuaga.

Pikipiki ilikuwepo. Lakini nyaya za swichi zilikuwa zimevutwa nje, zinaning'inia, na kwenye cheni kulikuwa na mikwaruzo ya msumeno. Pingili zilikuwa za chuma kigumu, msumeno haukwenda popote. Kipande chake kilikuwa kimevunjika, kimebaki palepale kwenye vumbi.

Mzee Ngassa alikaa chini. Maduhu alikuwa anaigusa pikipiki huku na huku kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka. Niliona wazi jinsi nilivyokuwa nimekaribia kwenda Bukundi.

Baba akapaza sauti, waitwe sungusungu sasa hivi!

"Umepotelewa na nini?" Bibi akamuuliza.

"Hakuna kilichopotea, lakini..."

"Basi waje kutafuta nini?" Kisha akanigeukia. "Kulwa hajala. Mpelekee maji anawe. Mwambie anawe vizuri."

Kulwa alikuwa amesimama nyuma ya zizi, anasema alikuwa na mbuzi. Nikamimina maji. Vidole vyake vilikuwa na grisi, na kifundo kimoja kimechubuka. Alinitazama, nikamtazama. Nilikuwa na hasira ya kumtupia kopo usoni. Lakini niliona alivyokificha kifundo kile kiganjani kama mtoto, nikakumbuka maneno ya bibi, nikaendelea kumimina mpaka maji yakatoka meupe.

Wakati huo baba alikuwa ameinama anaikagua ile cheni. Akasema, "Huyu kijana akifundishwa anafundishika, na anatunza kitu chake. Na binti yangu atamtunza." Kufananishwa na pikipiki kuliniudhi, lakini siku hiyo neno lile nililimeza. Akakubali ng'ombe waje kidogo kidogo, kadiri minada itakavyojalia.

Sasa mwanangu, miaka hii yote nimekaa dukani nauza spea, na nimeona vijana wanavyochagua kufuli. Wanachagua kwa rangi! Au wanachukua ule waya mwembamba kwa sababu ni mwepesi kubeba. Mwepesi kwako ni mwepesi kwa mwizi pia. Wewe chukua cheni nzito mpaka uilalamikie, yenye pingili nene za chuma kigumu, na kufuli ambalo shingo yake ni fupi, mkasi wa kukatia nondo usipate pa kuingia. Gurudumu la nyuma, fremu, na kitu kisichong'oka. Ukiifunga kwenye kijiti ambacho mtu anaweza kuinyanyua juu yake ikatoka, umempa mwizi mazoezi ya viungo. Ibane isilegee, na kufuli lisiguse chini, maana chini ndipo nyundo inapopata nguvu. Tundu la ufunguo liangalie ardhini, mvua isiingie.

Zile kufuli ndogo za kwenye diski ya breki ni nzuri, hasa zenye king'ora, lakini ziwe za pili, zisiwe peke zake, kwa sababu watu wawili watatu wanaibeba pikipiki nzima wanaitia kwenye gari. Na ukifunga diski, funga kitambaa kwenye usukani kikukumbushe. Nimeshaona kijana anaondoka kwa mbwembwe mbele ya wasichana na kufuli bado liko kwenye diski. Alianguka, meno akayaokota chini. Loki ya usukani piga kila mara, lakini usiitegemee, mtu mwenye nguvu anaivunja. Ufunguo wa akiba usikae chini ya siti, wala usiuache kijiweni kwa rafiki. Egesha penye watu na mwanga. Na funga hata unapoingia dukani kununua vocha, maana wengi wameibiwa wakisema "narudi sasa hivi".

Kuhusu Kulwa. Maduhu aliendelea na minada kwa pikipiki ileile, na ng'ombe wakaja, mmoja, kisha wawili, mpaka baba akasema wametosha. Kwa ng'ombe haohao Kulwa akaoa yule mchumba wake, ambaye ndiye mama yako mkubwa anayekupikia michembe ya viazi ukienda likizo. Siku ya matanga ya bibi, Kulwa alinivuta pembeni. Akasema, "Dada, pikipiki niliyotaka kwenda kuitupa mtoni ndiyo iliyonipa mke. Cheni ile ingekatika, leo ningekuwa nani?" Akalia, na mimi nikalia. Akanipa ruhusa niwaambie watoto wote wa ukoo, na wewe nimekuambia.

Kwa hiyo ukija kwangu, funga. Ukienda kwa mchumba wako, funga mbele ya baba yake, bila aibu, na akikuuliza mwambie unamlinda yeye na watoto wake. Mungu akupe safari njema za kwenda na kurudi. Kila unapoiegesha uikute, na wale uliowaacha nayo uwakute bado ni ndugu zako.

Haya, toka nje ukaifunge.