Mwaisha na Mkusanya Viatu Vibovu

Mwaisha alikuwa mwanamke wa kuuliza swali mara ya pili hata kama mara ya kwanza amejibiwa vizuri. Hakuzaliwa hivyo. Zamani, reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa, mumewe Dadi alishuka Kisaki kutafuta kibarua, akawa anatuma salamu kwa kila mtu anayepanda Morogoro: kazi ngumu, ruhusa hakuna, nisubiri. Mwaisha akasubiri. Alipochoka kusubiri alidandia lori la mbao mpaka huko, na cha kwanza alichokiona ni shati la Dadi, lile alilolitia kola kwa mkono wake mwenyewe, likianikwa kambani na mwanamke mjamzito. Hakugombana. Aliomba maji, akapewa, akanywa, akarudi kwake Bigwa, pembeni ya mji wa Morogoro. Tangu siku hiyo neno la mtu, hata liwe tamu namna gani, halikumwingia mpaka ashike kitu mkononi.

Watu wa Bigwa walilijua hilo, ndiyo maana walipotafuta balozi wa nyumba kumi walimchagua yeye. Alikuwa pia muuzaji wa duka la ushirika. Miaka ile sabuni ilikatwa vipande na sukari ikagawiwa kwa foleni, na hakuna aliyewahi kumkuta Mwaisha ameficha kitu chini ya kaunta. Jambo hilo lilimpa heshima. Lakini wageni wa kuja kukaa tu, kupiga soga, hakuwa nao, maana ni nani anapenda kukaa na mtu anayemtazama mikono?

Nyumba ya tatu kutoka kwake, ukipanda kuelekea mlimani, alikaa Alois, Mluguru wa kutoka Mgeta, kapera wa miaka thelathini na kitu, mpole mpaka anakera. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki upande wa pili wa mji, kiwanda cha ndoo, mabeseni na viatu. Mwaka ule wa themanini na tatu kiwanda kilikuwa kinalala kuliko kinavyoamka, na wafanyakazi walirudishwa nyumbani kungoja malighafi. Hapo ndipo Alois alipoanza kupita mlango kwa mlango na gunia begani, akiomba viatu vya plastiki vilivyokatika. Vya watoto, vya wazee, vyovyote. Aliyempa alimshukuru kwa kuinama. Aliyemuuliza ni vya nini alijibiwa, "Kazi za mikono tu."

Mtu anaweza kukusanya chupa, anaweza kukusanya vyuma. Lakini viatu vina nyayo za watu, na nyayo si kitu cha kumpa kila mtu. Minong'ono ilianza kisimani, ikafika dukani, na siku mtoto wa jirani yao, mama aliyeitwa Pili, alipopata homa wakati kiatu chake kimo kwenye gunia la Alois, minong'ono ikapata mwenyewe.

"Dada Mwaisha, wewe ndiye balozi," Pili alimwambia, mtoto mgongoni. "Mtu anataka viatu vya watu vya nini? Na ule moshi kila jioni nyuma ya nyumba yake? Unanuka mpaka koo linakaba."

"Mtoto umempeleka zahanati?"

"Nimempeleka. Wanasema malaria."

"Basi ni malaria."

"Nyayo zake ziko kwa Alois," Pili alisema, akaondoka bila kuaga.

Mwaisha hakuwa na hofu ya uchawi. Hofu yake ilikuwa nyingine. Redio ilikuwa inawazungumzia wahujumu uchumi asubuhi na jioni; watu walikuwa wanakamatwa na mabati darini na vitambaa chini ya vitanda. Yeye alimwona Alois kama mtu mwenye kitu cha kuficha, na viatu vibovu kama kifuniko tu. Tena kulikuwa na yule msichana aliyekuja kila Jumapili mchana na mkoba wa ngozi, akaingia kibanda cha nyuma ya nyumba ya Alois, asitoke mpaka jua linazama. Mwaisha alimsimamisha njiani mara moja. Msichana akamwamkia vizuri, akasema anaitwa Felista, fundi umeme wa kiwandani, amesoma sekondari ya Kilakala. Alipoulizwa kwa Alois anafuata nini, akasema, "Tunasaidiana kazi, mama." Jibu lilelile, sauti nyingine. Mwaisha akazidi kukunja uso.

Jumapili iliyofuata, Alois akiwa kanisani, Mwaisha alipanda mpaka nyumbani kwake. Mlango wa kibanda ulifungwa kwa kamba tu. Ndani alikuta matenga ya viatu vilivyokatwakatwa, vimetengwa kwa rangi na kuoshwa. Palikuwa na jiko la mkaa, na juu yake bomba la chuma lililoungwa na mashine ya kusagia nyama, mpini wake umefungwa kitambaa. Hapakuwa na hirizi wala kibuyu. Akakaribia kujicheka. Ndipo alipofunua kopo lililowekwa nyuma ya mlango, akakuta punje nyeupe, ngumu, zinazoteleza kama mchele. Alizijua. Mwaka mmoja wafanyakazi wa ushirika walitembezwa kiwandani, wakaonyeshwa magunia yenye punje hizohizo, wakaambiwa hii ndiyo malighafi, inatoka ng'ambo kwa fedha za kigeni.

Alichota kiasi, akafunga kwenye pindo la khanga yake, akashuka. Kila hatua moyo ulimwambia, nilijua.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Mikidadi, kamanda wa mgambo, mtu aliyependa sana kukamata. Hakwenda. Alitaka kwanza amwone Alois usoni akidanganya. Mchana alirudi, akamkuta kakaa kibandani na Felista. Alifungua pindo, akazimwaga punje juu ya benchi mbele yao.

"Shikamoo, mama," Alois alisema polepole.

"Marahaba. Hizi ni za nani?"

Felista alitaka kujibu, Alois akamzuia kwa mkono. "Za kiwanda. Nilizichota kwenye gunia mimi mwenyewe. Dada huyu hakujua."

Mwaisha alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ukweli hakujiandaa; akavuta kigoda, akakaa.

Wakamweleza. Malighafi haiji kwa sababu fedha za kigeni hazipo. Plastiki kuukuu imejaa kila uwanja, lakini mashine mpya ya kiwandani haiitaki. Mashine ile inaongozwa na kompyuta iliyomo ndani ya kabati la chuma pembeni yake, na mafundi wa kizungu waliipanga kwa ajili ya punje mpya tu: joto kiasi hiki, msukumo kiasi hiki, ipoe muda huu. Ukitia plastiki kuukuu, inayeyuka kwa namna nyingine, kompyuta inaona mambo hayako sawa, inazima mashine. Felista alikuwepo walipoipanga; alishika taa na kukabidhi bisibisi, na macho yake hayakulala. Aliamini mpango unaweza kubadilishwa. Alois alikuwa anatafuta mchanganyiko, kuukuu nyingi na mpya kidogo, utakaokubali kufinyangwa bila kuungua.

"Kwa nini hamkumwambia meneja?"

"Tulimwambia," Felista alisema. "Alisema atakayegusa kabati lile hana kazi. Ikiharibika hakuna wa kuitengeneza nchi nzima. Hakukosea, mama. Hata mimi naogopa."

Mwaisha aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Maneno yalipangika vizuri mno. Dadi naye alijua kupanga maneno.

"Nionyesheni," alisema.

Alois aliwasha jiko. Alitia vipande kwenye bomba, akazungusha mpini jasho likimtoka, mpaka ujiuji mzito wa rangi ya tope ukatoka upande wa pili. Akaukandamiza kwenye kikalibu cha bati chenye umbo la kikombe, akamwagia maji. Alichotoa kilikuwa kikombe, kimepinda upande. Mwaisha alikipokea, akakibana kwa vidole. Kikapasuka.

"Kimepasuka," alisema.

"Vya mwezi uliopita vilipasuka vyenyewe kabla ya kushikwa," Alois alijibu, na ilikuwa wazi kwamba kwake hayo yalikuwa maendeleo.

Hawajamaliza, wakasikia buti nje. Pili alikuwa amechoka kumngoja balozi, akaenda kwa Mikidadi mwenyewe. Mgambo wakaingia, wakamwaga matenga, wakamshika Alois mikono nyuma. Majirani wakajaa uani. Mikidadi alimkuta Mwaisha kwenye kigoda, akashangaa kidogo.

"Balozi, uko humu. Umeona nini?"

Punje zilikuwa juu ya benchi, mbele ya macho ya kila mtu, lakini kati ya waliojaa pale hakuna aliyezijua. Mwaisha angeweza kunyamaza. Angeweza pia kusema neno moja tu, na Alois angelala ndani miezi bila kuulizwa, jinsi mambo yalivyokuwa. Hakumwamini Alois bado. Ila aliuona mpini ule uliofungwa kitambaa. Aliona ngozi ya viganja vya mtu yule ilivyochunika. Mhujumu gani anachunika viganja kwa kikombe kinachopasuka?

"Uchawi hakuna," alisema kwa sauti ya kusikika uani. "Nimepekua mwenyewe. Mali ya kiwanda ipo kidogo, na amekiri. Kesi ni ya kiwanda. Kesho asubuhi tutampeleka kwa meneja, mimi na wewe, na huyu binti. Leo atalala nyumbani kwake, na mimi ndiye mdhamini."

Mikidadi hakupenda, lakini mbele ya watu hakutaka kubishana na Mwaisha. Aliacha mgambo mmoja mlangoni.

Asubuhi meneja aliwasikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye kiwanda kisicho na kazi na wakubwa wanaopiga simu kutoka Dar es Salaam. Alikasirika kwanza kuhusu punje. Kisha akamuuliza Felista kama anaweza kuyarudisha mahesabu ya kompyuta kama yalivyokuwa, iwapo jaribio litashindikana. Felista akasema ameyanakili yote. Meneja akasema, "Basi mbele yangu. Na nikisema acha, unaacha."

Plastiki ya Alois ililetwa, ikatiwa; mashine iliwashwa ikazima, taa nyekundu ikawaka. Felista akafungua kabati, akapunguza joto. Ikazima tena. Alois akaomba waongeze punje mpya kidogo kwenye mchanganyiko, Felista akalegeza msukumo, meneja akiwa amemsimamia begani na mkono wake uko kwenye swichi kuu. Safari hii mashine ilinguruma mpaka mwisho, ikafunguka, na beseni likadondoka. Lilikuwa na rangi ya mto wa masika, lina michirizi ya kila kiatu kilichokuwemo. Meneja alilikanyaga kwa kiatu chake. Likabonyea, likarudi.

Hakuna aliyeshangilia. Meneja alisema wataendelea kujaribu, na kwamba Alois amesimamishwa kazi miezi miwili kwa kuchukua mali bila ruhusa. Alois akasema, "Asante, mzee." Mwaisha aliona hukumu ni ya haki, pande zote mbili.

Mabeseni yale yalifika duka la ushirika kabla ya Krismasi. Watu walipanga foleni kwa sababu hakukuwa na mengine. Pili alikuja, akaligeuza moja huku na huku, akalirudisha. Alisema hawezi kumwogeshea mtoto kwenye viatu vya watu asiowajua. Mwaisha hakumshawishi.

Alois aliporudishwa kazini, alipewa kitengo kipya cha kusaga plastiki kuukuu. Alikuja kumwambia Mwaisha kabla hajamwambia mtu mwingine, akasimama mlangoni kama kawaida ya wageni wa nyumba ile.

"Nakupongeza," Mwaisha alisema. "Sasa niambie. Ukiacha punje, ulichukua nini kingine kiwandani?"

Alois alitazama chini.

"Kikalibu cha bati," alisema. "Na waya, kama pima mbili."

"Virudishe."

"Nitavirudisha kesho, mama."

Mwaisha alimtazama mikono, kisha uso. Akasogeza kiti kilichokuwa karibu na meko, akampangusia vumbi kwa khanga.

"Kaa," alisema. "Chai iko karibu kuchemka."