Niliaga Igogo Yote

Nichekeni, wenzangu, maana majirani wameshanicheka. Nilikuwa yaya wa Yohana, mtoto wa wamisionari wetu, tangu ananyonya. Walipoitwa kurudi kwao Ulaya, mtoto akalia hataki kuniacha. "Nyamaza, Yaya atakuja nasi," mama yake akamwambia mbele yangu. Kesho yake akanipa sweta lake zito. Kwa joto hili la Mwanza, sweta la nini kama si la Ulaya?

Nikaaga Igogo yote, mtaa wetu mzima. Nyumba nikamwachia mdogo wangu, mbuzi wangu wa pekee nikawachinjia majirani. Wakanisindikiza hadi gatini wakiimba. Nilivaa sweta lile juani, jasho likinitiririka hadi visiginoni, nami najiona mtu mkubwa.

Waumini wakaimba wimbo wa kwaheri, wanawake wakalia. Mimi nilie nini? Nikapanda melini na wazungu wangu, nikakaa juu ya sanduku langu, Yohana mapajani.

Kengele ikalia. Mama yake akamchukua mtoto. "Asante kwa kutusindikiza, Yaya. Shuka sasa, meli inaondoka."

"Si ulisema nitakuja nanyi?"

Akaliona sanduku. Uso ukamwiva. "Yaya, nilikuwa nambembeleza mtoto."

Kumbe mtoto hakubembelezeka. Nilibembelezeka mimi, mwenye wajukuu.

Nikashuka ngazi na sanduku kichwani. Gati zima lilikuwa bado linanipungia mikono. Jirani yangu Mama Kabula akanikimbilia kwa huruma.

"Jamani, umesahau nini?"